Simu Iliyokataa Kabaza

Mimi, mtu wa Bukavu kule Kongo, nashona nguo hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, nyuma ya kanisa letu, na kwa makoti ya kwaya simuogopi mtu. Mdomo njo unaniangusha. Mwaka wa 2018 Fidès, binti Mrundi anayeimba nasi, aliniletea kitambaa cheupe cha harusi yake.

"Mama Darlène, robe sirène unaijua?"

Ni ile inayobana mpaka magotini, halafu inafunguka chini kama mkia wa samaki.

"Ah, mwanangu! Hiyo njo kazi yangu."

Tangu nitoke tumboni mwa mama sikuwa nimekata hata moja.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatano nikawa bado nazunguka kile kitambaa na makasi kama mtu aliyekuta nyoka. Dada yake Fidès alikituma toka Bujumbura. Nikikiharibu, hakuna kingine.

Nikasema acha niangalie kwenye simu wenzangu wanavyokata. Jirani yangu Narcisse, mtengeneza simu, alikuwa ameniwekea VPN ili mega zangu za intaneti zisiishe upesi. Alinieleza kwamba intaneti yangu inapitia inchi ingine: mimi niko Dzaleka, simu inasema iko Hollande, kule Ulaya. Nilimuuliza kama huo si uongo. Akajibu, "Mama, simu njo inadanganya, si wewe." Nikapokea, Bwana anisamehe.

Basi nikaandika "patron robe sirène", yaani mchoro wa kukatia ile nguo. Badala ya nguo likaja onyo: kwenu kunatoka mambo yasiyo ya kawaida, onyesha kwamba wewe si roboti. Lo! Mimi mwenye wajukuu, naulizwa kama ni mtu! Zikafuata picha ndogo-ndogo: chagua zote zenye taksi.

Hapo nikafurahi. Nikabonyeza baiskeli zote. Si taksi yetu hapa ni kabaza, baiskeli ya kubeba watu? Mashine yangu ya kushona ilifika hapa nyuma ya kabaza moja, na mimi nyuma ya ingine. Magari ya njano nikayaacha, nikidhani ni ya matajiri. Simu ikakataa, ikaleta picha zingine. Nikatafuta baiskeli kwa bidii zaidi. Ikakataa tena.

Fidès akaingia akanikuta napiga kelele: "Mi ni mutu! Nimebatizwa kwa maji mengi!"

"Mama Darlène, unagombana na nani?"

"Na bazungu ba Hollande. Habajue taksi."

Akachukua simu, akaangalia, akacheka mpaka akakaa chini. "Taksi ni haya ya njano, Mama! Na hii VPN, watu wengi sana mnapita mlango mmoja, ndiyo maana wanawashuku. Izime tu." Kisha akasoma nilichoandika. Kicheko kikaisha. "Patron ya sirène? Ya kwangu?"

"Ya kwako."

"Kumbe hujui."

"Sijui, mwanangu. Peleka kitambaa Lilongwe, kule Old Town mafundi wako wengi. Sitakasirika."

Akashika kitambaa chake, mimi namuomba Mungu kimoyomoyo, sijui namuomba nini. Mwishowe akasema, "Fundi wa Old Town atanipima haraka-haraka na kunifukuza. Wewe unaombea hata sindano. Zima, tuangalie wote wawili."

Nikazima, zile nguo zikafunguka palepale. Tukaangalia mpaka mega zangu zikaisha, tukamalizia kwenye simu yake. Nikaomba, nikakata, yeye ameshika pindo.

Jumamosi akaingia kanisani, wamama wakashika midomo. Ilimkaa kama ngozi yake! Nikaanza kujisifu ndani ya moyo. Ndipo pasta akasema, "Pigeni magoti." Bwana harusi akapiga. Fidès akabaki wima kama mshumaa, ananiangalia. Mkia nilikuwa nimeuanzisha chini mno, magoti hayakunjiki.

Nikatoka kwenye kwaya na makasi yangu, yasiyotoka mfukoni hata kanisani, nikapita mbele ya kanisa zima, nikainama, nikafungua mshono wa nyuma. Akapiga magoti. Vigelegele vikalia: walidhani ni desturi yetu sisi watu wa Bukavu.

Sikuwakatalia.