Kitambaa cha Maji Kwenye Injini ya Moto

Nimeona gari likifufuliwa kwa kitambaa kilicholowa maji. Mama yangu alimwombea dua aliyefanya hivyo. Leo nikikumbuka natamani kutapika.

Iko hivi. Gari langu lilikuwa zima kabisa, ghafla likaanza vituko. Asubuhi linawaka vizuri. Likitembea injini ikapata joto, ukizima tu, umekwisha. Unapiga stata, inazunguka weee, haliwaki.

Na ndilo lililokuwa likimpeleka mama hospitali kusafishwa figo. Mwenye mgonjwa wa figo anajua, siku ya kusafishwa hairukwi.

Kila tukikwama, mdogo wangu wa kike, anayekaa nyuma akimpepea mama, anampigia fundi mmoja tunayemwita Profesa. Huyo Profesa alikuwa anataka kumuoa mdogo wangu, na mama alishakataa katakata.

"Sitaki mkwe mwenye maneno mengi," alisema.

Profesa anafika, anafungua boneti, anabandika kitambaa cha maji huko chini. Tunangoja kidogo, gari linawaka.

"Mafuta yanachemka, kaka. Litazoea."

Litazoea? Kwani gari ni mtoto wa chekechea?

Lakini mama akaanza kulainika. Siku aliyotapika ndani ya gari kwa joto, Profesa akamfuta uso, na posa ikakubaliwa palepale.

Mimi nikaenda kwa fundi mwingine, mwanamama asiyecheka na mtu. Akaliendesha mpaka likapata moto, akazima. Likagoma. Akamwagia maji kidude kidogo ubavuni mwa injini, likawaka.

"Sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini," akasema. "Ikipata joto inakufa, injini haijui ichome mafuta wakati gani. Ikipoa inarudi."

Akamulika tochi. Injini nzima imeganda vumbi na grisi, ila boliti ya hiyo sensa inang'aa.

"Hii imefungwa juzijuzi, na ni kuukuu. Nani aligusa gari lako?"

Profesa. Ndiye aliyenibadilishia oili kabla ya vituko kuanza. Alitoa nzima akaweka mbovu, mama yangu aungue juani, yeye aje kuwa mwokozi. Nilisikia kinyaa.

Nikakimbia nyumbani kumwokoa mdogo wangu. Nikamweleza yote.

Hakushtuka. Alikuwa anapaka rangi kucha, akaendelea kupaka.

"Kaka, ulitaka tufanyeje? Mama alikuwa hamtaki."

"Tufanyeje? Wewe na nani?"

Akapuliza kucha zikauke.

"Mimi nilimwambia asiweke mbovu sana."

Nilitoka nje, sikuweza kukaa naye chumba kimoja. Jioni nilimwambia mama, na posa ikarudi ilikotoka. Mdogo wangu mpaka leo hanisalimii, na sijui kama nazitaka hizo salamu.

Tunasema kila siku, kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa siti ya nyuma, kikimpepea mama.