Taa Niliyoizima Nikimbeba Baba Mkwe

Ile asubuhi ya Julai naikumbuka mpaka rangi ya matope, mwanangu, na kwa ajili yake waya wa taa yako sikukatii. Usininunie. Vuta hiyo kreti uketi, mvua yenyewe bado inanyesha na wateja wa gereji hawapo. Umesema vijana wote wa steji yenu ya bodaboda wameweka swichi ya kuzimia taa mchana ili petroli isiishe haraka. Najua. Huo uongo niliusambaza mimi hapa Gatina, Kawangware hii hii, wewe ukiwa bado unavaa kaptura za nasari.

Nilikuwa kijana mwembamba mwenye maneno mengi. Pikipiki yangu ilikuwa ya zile ambazo taa huwaka yenyewe injini ikishashika. Ilikunywa petroli vibaya sana, nami nikaanza kumtafuta mchawi. Nikaona taa inawaka mchana kutwa na jua liko juu, nikasema basi, nimemshika. Nikakata waya, nikafunga swichi chini ya usukani, nikawatangazia wenzangu kwamba sasa petroli inakaa. Nilikuwa nimepima? Wapi! Nilisema tu, na kwa vile nilisema kwa sauti kubwa, wenzangu watano wakaniletea za kwao nami nikazikata.

Wakati huo moyo wangu ulikuwa Kibera, kule Kambi Muru, kwa msichana aliyeitwa Nekesa. Aliishi na shangazi yake, akishona nguo. Usicheke, hata mimi niliwahi kupenda nikakosa usingizi. Baba yake, Mzee Wafula, alikuwa fundi wa matrekta kule Magharibi hadi alipostaafu. Akapanda basi akaja Nairobi kwa jambo moja tu: aone mtu anayemtaka binti yake anaishi wapi na ni mtu wa aina gani. Nekesa alikuwa ameshaniambia wazi kwamba baba akikataa, yeye haendi popote na mimi.

Basi asubuhi hiyo nikaenda kumchukua mzee ili nimlete huku Kawangware aone nyumba yangu. Pikipiki nilikuwa nimeiosha hadi inang'aa. Mzee akatoka amevaa koti la kijivu, lile la kuendea kanisani, na kofia yake. Ukungu ulikuwa umeshuka, manyunyu yanadondoka, watu wanapita wamejikunyata. Nikampa helmeti, kofia akaitia mfukoni mwa koti. Akapanda, lakini hakunishika kiunoni. Kwetu, mwanangu, mkwe na mkwe hawagusani ovyo, na mimi hata mkwe sijawa. Akashika vyuma vya keria nyuma yake, akakaa wima.

Tukapita Sarang'ombe polepole, tukatoka hadi Barabara ya Ngong, tukavuka tukaingia upande wetu. Nilikuwa naendesha kwa adabu zote. Kumbe taa nimeizima, kama nilivyozoea, wala sikuiwazia hata kidogo.

Karibu tufike, pikapu iliyojaa kabichi ikachomoza kutoka barabara ya pembeni. Dereva alitazama kulia, akatazama kushoto, akaingia barabarani. Mimi nilimwona vizuri kabisa. Yeye hakuniona. Nikakanyaga breki, pikipiki ikateleza, na hapo Mzee Wafula akasahau mila zote akanikumbatia kwa mikono miwili. Tukaenda moja kwa moja hadi kwenye mtaro wa maji.

Mungu ni mwema, mtaro ulikuwa wa matope matupu. Mzee alichubuka goti, mimi kiwiko. Lakini lile koti! Lilitapakaa matope kutoka kola mpaka chini, na kofia sikuiona tena hadi leo. Dereva akashuka mbio.

"Mzee pole, wallahi sikuwaona! Na wewe kijana, unatembeaje bila taa na ukungu huu?"

Nikafungua mdomo nimtukane, kisha nikaona mzee yuko wapi. Mzee Wafula alikuwa ameinama mbele ya pikipiki, anaitazama taa. Akapapasa chini ya usukani, kidole kikagusa swichi yangu. Fundi ni fundi. Akaiwasha, taa ikawaka. Akaizima. Akaiwasha tena. Tulitembea kwa miguu mpaka kwangu nikisukuma pikipiki, nami nilitamani kulia.

Nyumbani nikamwekea maji ya moto, nikamkaribisha chai. Chai hakuigusa.

"Kwa nini unazima taa?" akaniuliza.

"Nabana petroli, baba."

"Nani alikwambia taa inakula petroli?"

"Kila mtu anajua, baba."

Akasogeza kikombe kando. "Mtoto wangu ulikuwa umbebe kwa kiti hicho hicho nilichokalia mimi. Kwa sababu ya kitu ambacho hujawahi kupima. Leo sitasema lolote kuhusu Nekesa."

Aisee! Heri angenizaba kofi. Nilisimama pale na sufuria mkononi nikajua nimempoteza Nekesa kwa ujinga wa swichi moja. Mzee naye akaendelea kupangusa koti lake. Kisha akauliza kama nina chupa ya soda na kipande cha mpira wa petroli.

Mvua ilipokatika tukaenda steji. Akachomoa mpira wa kwenye tenki, akaunganisha chupa ya petroli na kabureta, akaifunga chupa kwenye usukani kwa kamba, akaweka alama kwa kalamu. Akaniambia niende mpaka kanisani na kurudi, mara kumi, mwendo ule ule, taa ikiwa imezimwa. Wenzangu wakajaa, wanapiga kelele wakidhani ni mashindano. Nilipomaliza akaijaza chupa mpaka alama ile ile, akaniambia nirudie mara kumi, taa inawaka.

Tukatazama chupa. Petroli ilikuwa imeshuka mpaka pale pale. Mmoja wetu akainama mpaka pua ikagusa chupa, akasema hajaona tofauti.

"Labda ipo, ya tone," mzee akasema. "Lakini tone hilo huwezi kuliona, wala kulisikia mfukoni. Injini ikizunguka, umeme unatengenezwa, utake usitake. Ukizima taa, umeme huo haukuwekei akiba ya petroli. Pikipiki inaugeuza joto, unapotea."

Kisha akasimamisha pikipiki yangu kwa stendi ya katikati, akazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Halikumaliza hata mzunguko mmoja, likasimama. Breki ilikuwa imekazwa inasugua safari nzima, na aliyeikaza ni mimi. Akabonyeza tairi, halina upepo wa kutosha. Akafungua chujio la hewa, vumbi lote la Kawangware liko ndani. Wenzangu wakaangua kicheko, nami nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Ndipo petroli yako inapokwenda," akasema. "Ulikuwa unamfunga asiye na hatia."

Kuna njia mbili za kutoka hapo, mwanangu. Nilitaka sana kusema kwamba chupa ilikuwa mbovu, au kwamba barabara ya kanisani ina mteremko. Maneno nilikuwa nayo mengi, nimekwambia. Lakini nikawatazama wale watano, nikawaza ile pikapu. Mmoja wao alikuwa anapeleka watoto shule kila asubuhi. Nikasema, "Jamani, niliwadanganya. Sikupima. Leteni pikipiki nirudishe waya."

Nikakaa chini pale pale kwenye matope, nikaunganisha waya za watu watano, moja baada ya nyingine, halafu yangu mwisho. Hakuna aliyenisaidia, na sikuomba. Mzee Wafula alikuwa ameketi kwenye benchi la steji, koti lake limeanikwa kando, anakunywa chai ya kibanda. Nilipomaliza nikamwendea, mikono imejaa grisi, nikamwambia nitamtafutia teksi imrudishe Kibera.

"Mimi siendi popote," akasema. "Nenda ukamlete Nekesa. Lazima aione nyumba anayokuja kukaa."

Nikaitazama pikipiki yangu. "Kwa pikipiki hii, baba?"

"Kwa hii hii."

Nekesa huyo ndiye anayekupikia githeri ukija hapa Jumamosi.

Sasa sikiliza. Petroli ikikusumbua, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono uone kama linakwenda huru. Pima upepo wa tairi, safisha chujio, paka mnyororo mafuta, na uache kuongeza mwendo kwa pupa kila ukiona barabara iko wazi. Taa iache iwake, asubuhi na mchana, kwa sababu haikuwekwa ili wewe uone tu. Imewekwa ili mwenye pikapu akuone. Hizi pikipiki mpya za betri siwezi kukuapia, sijazipima, na nisichopima siku hizi nanyamaza. Jambo usilolijua, pima kabla hujamwambia mwenzako. Na ikitokea umekosea, usingoje kubanwa. Waendee wale uliowapotosha, mmoja mmoja, uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe. Mzee hakunipa binti kwa sababu ya taa. Alinipa kwa sababu aliniona chini pale kwenye matope, nikirudisha waya wa mtu wa tano.

Mungu akufunike barabarani, mwanangu. Kila anayepanda nyuma yako ashuke akiwa mzima, na wanaokungoja nyumbani wasikie mlio wa pikipiki yako kila siku.