Jibu la Mama Lililokatwa

Mzungu yule alikuwa mtangazaji wa televisheni kwao Uingereza. Alipochoka kutazamwa aligeukia kutengeneza filamu, akaja kwetu Mtambile kumpiga picha mama akianika karafuu kando ya barabara. Mimi nilikuwa mkalimani wake.

Alitaka kimya. Kimya, barabarani Mtambile! Kila mpita njia alitoa salamu, na mama, kamera iwepo isiwepo, aliitikia: "Waalaykumu salaam. Hawajambo nyumbani?" Mzungu alishika kichwa, tukaanza upya.

Juzi filamu ilitufikia kwenye simu. Jirani yetu, ambaye sasa ni marehemu, anapita na kuinua mkono. Mama anamtazama, kisha anainamia karafuu zake. Jibu lake limekatwa, pamewekwa muziki.

"Lakini nilimwitikia," mama alisema. "Mjane wake ataniona mtu gani?"

Nilimwandikia mzungu airudishe sauti ya mama. Alijibu upesi, kwa furaha tele: kimya kile cha mama ndicho kinachosifiwa kuliko kitu chochote katika filamu nzima.

Mama alikuwa amekaa mbele yangu, akisubiri nimfasirie.