Kupunguza Kazi Masjala

Nilipoacha kuandika programu za kompyuta na kuwa meneja wa miradi wa kujitegemea, nilikwenda Kondoa kumweleza mama. Nilimkuta uani anapeta ulezi.

"Mradi wa nini?" akauliza.

"Wa watu wengine, mama. Wakitaka kuingiza kompyuta ofisini, mimi ndiye nawapangia nani afanye nini na lini."

Alifikiri kidogo. Miaka ile ya soko huria kila mtumishi alikuwa na mradi nyuma ya nyumba, na mradi ulikuwa na manyoya.

"Haya, mwanangu. Ila kuku wachanje mapema. Kideri hakina huruma."

Sikubishana. Nilikuwa nimekaa miaka saba nikizungumza na mashine, nikasahau hata jinsi ya kubishana. Mashine ina adabu zake. Ukiiandikia neno, inafanya neno hilohilo, haikuulizi ulikuwa na maana gani, wala haidaiwi ada ya shule. Nilidhani na binadamu nitawaandikia tu.

Kazi ya kwanza niliipata kwenye shirika moja pale Dodoma mjini. Walitaka kumbukumbu za watumishi zitoke kwenye mafaili ziingie kwenye kompyuta. Kompyuta zenyewe zilikuwa mbili, zimefunikwa vitambaa vya kufuma kwa ajili ya vumbi. Mafaili yalikuwa masjala, na masjala ilikuwa mikononi mwa mama mmoja wa Buigiri, mtu mzima. Ukimtajia jina la mtumishi anainuka, anarudi na faili, rejista hata hajaigusa.

Niliandika mpango wa mradi, ukurasa mmoja, nikaubandika mwenyewe kwenye ubao wa matangazo. Mstari wa juu ulisema kwa herufi kubwa: LENGO: KUPUNGUZA KAZI MASJALA. Nilirudi nyuma hatua mbili kuutazama. Nilijipenda kweli siku ile.

Kesho yake mafaili yakaanza kupotea. Naomba faili, mama anakwenda, anarudi mikono mitupu. "Halionekani, baba." La pili nalo halionekani. Kufikia wiki ya tatu tulikuwa tumeingiza watumishi kumi na mmoja, mmoja wao marehemu. Mkurugenzi akaniita, akaniuliza kwa upole kama nina kazi nyingine mahali.

Nikapandwa na hasira. Niliingia masjala bila hata kupiga hodi.

"Shikamoo, mama. Hivi haya mafaili yamekwenda malishoni Bahi, au?"

"Marahaba." Hakuinua macho. "Mwenye mradi ni wewe, halafu unaniuliza mimi? Si umeandika mwenyewe pale ubaoni kwamba umekuja kutupunguza? Nina watoto wawili sekondari na baba yao hayupo. Nikupe na kamba uninyongee?"

Ilinichukua muda kuelewa. Siku zile mashirika yalikuwa yanapunguza watu kila kona, na ukisikia fulani kapunguzwa hukuuliza kapunguzwa nini. Nadhani Dodoma nzima nilikuwa nimebaki peke yangu ninayelitumia neno hilo kwa maana ya kamusi. Nikacheka, na kicheko changu hakikusaidia kitu.

"Itakayopungua ni kazi, mama, siyo watu. Hutapanda tena ngazi kutafuta mafaili. Ndiyo maana yake."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Nikaenda ubaoni, nikabandua ile karatasi, nikabandika nyingine: KURAHISISHA KAZI MASJALA. Mchana uleule mafaili yalionekana yote. Yalikuwa kwenye kabati la vikombe vya chai. Tangu hapo mama alikaa pembeni ya kompyuta akitusomea moja baada ya jingine, na penye tarehe iliyokosewa anatusahihisha kwa kichwa. Tulimaliza siku nne kabla ya muda. Nilipewa barua ya pongezi, ambayo wateja wangu wote nimewaonyesha.

Baada ya miezi michache wakaniita tena, printa imegoma. Niliifungua, nikatoa karatasi iliyokwama, nikawasha. Ikachapa kilichokuwa kinasubiri. Ilikuwa orodha ya watakaopunguzwa. Programu ilikuwa imewapanga vizuri idara kwa idara, miaka ya kazi pembeni, bila kosa hata moja. Masjala ilikuwa na jina moja.

Nilimkuta anafunga vikombe vyake kwenye kanga. Walikuwa wameshamwambia asubuhi.

"Kumbe ulivyoandika mara ya kwanza ndivyo ilivyokuwa," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Laiti angenitukana! Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Nilikuwa nimeapa kwa Mungu juu ya jambo ambalo wakubwa hawakuwahi kuniuliza.

"Sasa si wewe ndiye mshauri?" akaendelea. "Kile kiinua mgongo nataka nianzie mradi wa kuku. Nishauri basi."

Ni kweli nilikuwa nimeanza kujiita mshauri, na kadi nimechapisha. Nilitafuta kichwani kitu cha kumwambia mama yule, nikakuta kimoja tu, na hata hicho hakikuwa changu.

"Wachanje mapema, mama," nikasema. "Kideri hakina huruma."

Akatafuta kalamu, akaandika.