Pampu Niliyoiosha kwa Mafuta ya Taa

Niliishia kidato cha pili, kwa hivyo msomaji akikuta sentensi imepinda aivumilie. Nimekuwa nikiandika daftari tangu nilipoajiriwa kwenye shamba la chai: mvua ilivyonyesha, mashine gani imekufa, nani amenitembelea. Lakini kwa wiki ninayotaka kusimulia, daftari lina mistari mitatu tu, na mmoja niliufuta mpaka karatasi ikatoboka. Hayo mengine nayatoa kichwani, na kichwa changu kinanipendelea, kama kichwa cha kila mtu. Nitajaribu kukizuia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, upande wa Kericho. Tulikuwa watu wawili kwenye chumba cha nyuma ya karakana, tukitengeneza friji: za nyumba za mameneja, ya kantini, na ile ya zahanati iliyotunza chanjo za watoto. Mwenzangu alikuwa fundi mzee kutoka Kisii. Nilimwita omogaka, kama watu wa kwao wanavyomwita mzee wa heshima. Yeye aliniita weri, yaani kijana, kwa Kikipsigis alichookota kwa miaka yote aliyoishi katikati yetu. Alifika pale kabla sijazaliwa. Alikuwa amebakiza kama miaka miwili astaafu, na nyumba ya kampuni aliyokaa na mke wake ilikuwa ni ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba inaisha.

Chombo chetu kikubwa kilikuwa pampu ya kunyonya hewa. Wengi wakisikia pampu wanafikiria ile ya kujaza baiskeli upepo. Hii ilikuwa kinyume. Friji ikishazibwa inapovuja, kabla hujajaza gesi lazima unyonye hewa yote iliyoingia kwenye mabomba, pamoja na unyevu uliomo. Ndani ya pampu kuna gurudumu lenye vibao viwili vinavyoteleza, na vyote vinaogelea kwenye oili. Oili ndiyo inayoziba. Oili ikiharibika, pampu inazunguka na kupiga kelele tu, hainyonyi kitu cha maana.

Na huko kwetu mvua inanyesha karibu kila alasiri. Friji ikifunguliwa inakunywa unyevu, pampu nayo inaunyonya, na maji yanakaa kwenye oili. Ukichungulia kile kioo kidogo cha ubavuni unaona oili imegeuka rangi, si ya asali tena, ni kama chai ya maziwa.

"Weri, njoo uone, pampu imekunywa chai bila sisi," mzee alikuwa akisema.

Dawa yake inajulikana. Kuna skrubu ndogo juu ya pampu. Ukiilegeza, pampu inavuta hewa kidogo kutoka nje, inapata moto, na maji yanatoka kama mvuke. Unaiacha hivyo nusu saa. Lakini ule mvuke unatoka na moshi wa oili, na chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lisilofunguka vizuri. Mzee alikuwa na kifua. Akivuta ule moshi alikohoa mpaka akashika ukuta. Kwa hivyo hakuilegeza skrubu. Alifanya njia yake: jioni anamwaga oili kwenye sufuria, anaiacha itulie, asubuhi maji yamekaa chini, anateka ya juu na kuirudisha. Oili mpya ilitoka Nairobi na ilichelewa, kwa hivyo njia ile haikuwa ya kijinga. Nilimwambia mara moja kwamba tungeweza kuibeba pampu mpaka nje tuilegezee huko. Akasema, "Kwa mvua gani hii, weri? Unataka ikunywe na ya juu pia?" Tukacheka. Sikumwambia tena. Kosa hilo naliandika kwa sababu ni lake, lakini pia ni langu.

Mwezi wa tano, friji ya zahanati ikavuja. Mzee aliziba tundu, akaniambia pampu ipumzike kwanza, oili imechafuka sana. Siku hiyo hiyo akapata habari ya msiba kwao. Alienda siku tatu.

Niliachwa na pampu. Mimi nilikuwa nimetoka kiwandani, kwenye mashine za kukata majani, na kiwandani kila kitu kinaoshwa kwa mafuta ya taa. Beringi, mnyororo, gia, hata mikono yetu. Kulikuwa na debe la mafuta ya taa na brashi mlangoni, na mtu aliyeweka chuma bila kukiosha pale alionekana mchafu. Sasa nikafikiria: mzee akirudi akute pampu inang'aa. Nikaiwasha ipate moto, nikamwaga ile oili ya chai, nikamimina mafuta ya taa, nikawasha pampu kidogo ijisukutue, nikamwaga. Nikarudia. Kisha nikatia chupa ya oili mpya, ya mwisho tuliyokuwa nayo. Kioo kikaonyesha asali. Kwenye daftari niliandika: *Pampu safi.* Huo ndio mstari wa kwanza kati ya ile mitatu, na ndio niliokuja kuufuta.

Sikujua kwamba mafuta ya taa hayatoki yote. Yanabaki kwenye vipenyo, yanaifanya oili kuwa nyepesi, na pampu inaponyonya, yanageuka mvuke ndani yake, hewa ya friji isitoke yote. Tena yanavimbisha mpira wa shafti. Sasa najua. Wakati huo nilijua beringi tu.

Mzee aliporudi alichungulia kioo.

"Umebadilisha oili?"

"Nimebadilisha, omogaka."

"Vizuri. Uliiwasha ipate moto kwanza?"

"Ndiyo."

Nilijibu kilichoulizwa. Mafuta ya taa hakuuliza. Hakuna mtu mwenye akili angeuliza.

Tukaenda zahanati pamoja. Tukaiunga pampu kwenye friji; geji, inayoonyesha hewa imetoka kiasi gani, ilishuka, ikafika mahali, ikakataa kushuka zaidi. Mzee akaigonga kwa kucha. Akasema labda geji imezeeka kama yeye. Sista wa zahanati alikuwa amesimama mlangoni na boksi la chanjo lililojaa barafu inayoyeyuka, akiuliza, "Mtamaliza leo ama nirudishe hizi mjini?" Mzee akaniangalia. Nikasema tunamaliza. Akajaza gesi.

Friji ilifanya kazi Ijumaa. Jumamosi ule unyevu uliobaki ukaganda kwenye mrija mwembamba ndani yake, ukaziba, friji ikapata joto, barafu ikayeyuka, friji ikaanza kupoza tena, mrija ukaziba tena. Hakuna aliyeona, kwa sababu kila mara sista alipofungua alikuta injini inanguruma. Jumatatu kipimajoto kilisema ukweli. Chanjo zote zikatupwa. Jumanne akina mama walikuja na watoto mgongoni na kadi za kliniki zimefungwa kwenye karatasi za nailoni zisilowe, wengine walitembea kutoka mashamba ya mbali, wakaambiwa warudi baada ya wiki mbili. Nilikuwa pale nikibeba friji kuitoa. Mama mmoja aliniuliza kama ni mimi fundi. Nikamwambia mimi ni msaidizi. Mchana huo huo pampu nayo ikakwama kabisa, ikatoa harufu ya kuungua.

Injinia wa kampuni alituita. Alikuwa mtu wa Nairobi, hakuwa mbaya, lakini alikuwa ameulizwa maswali na wakubwa na alitaka karatasi ya kuwapa. Alituuliza, "Hii pampu imekufa vipi? Mwanzo mpaka mwisho."

Mzee aliniangalia mimi, nafikiri kwa sababu nilikuwa na maneno zaidi ya Kiswahili cha ofisi. Basi nikaanza mwanzo. Nikasema oili ilikuwa imeingia maji kwa wiki nyingi. Nikasema ile skrubu ya juu haikulegezwa. Nikasema oili ilirudishwa badala ya kumwagwa. Nilianza na kosa la mzee kwa sababu ndilo lililotangulia. Injinia aliandika haraka. Halafu nikasema, "Na mimi niliiosha kwa mafuta ya taa," na wakati huo alikuwa amekwisha kufunga kalamu.

"Mafuta ya taa si kila mtu anaoshea?" alisema. "Nani mkubwa hapo kwenu?"

"Ni mimi," mzee akajibu.

Nimeligeuza jambo hilo kwa miaka mingi. Nilisema kweli tupu. Sikuongeza kitu na sikupunguza. Lakini kama ningeanza na mafuta ya taa, mkono wa injinia ungeandika mafuta ya taa. Je, nilifuata mpangilio wa siku, au niliogopa na mpangilio ukanifichia woga? Kila nikijiuliza napata jibu tofauti, na sijui lipi ni langu.

Barua ilitoka baada ya siku mbili. Mzee aachishwe kazi kwa uzembe, nyumba ikabidhiwe mwisho wa mwezi. Mimi nilipewa onyo la mdomo.

Jioni hiyo nilikuwa kwenye kibanda cha chai. Jamaa mmoja wa kiwandani, mtu wa kwetu kabisa wa Roret, akanipiga begani. "Umefanya kazi, weri. Wacha Wakisii warudi kwao, na hizi kazi zibaki kwa wenyewe."

Nikamwambia, "Mimi sikufanya hivyo."

"Sikiliza huyu! Sasa unaogopa kupongezwa?"

Wengine wakacheka. Miaka hiyo maneno ya namna hiyo yalikuwa yanasemwa wazi, na nyumba zilikuwa zimechomwa sehemu nyingine kwa maneno hayo hayo. Kusema haki, yule jamaa hakuwahi kumgusa mtu, na alikuwa amemkopesha mzee jembe mara nyingi. Lakini niliacha chai yangu ikiwa nusu. Niliona kwamba ukweli wangu umekwenda kukaa mahali ambapo sikuutuma.

Asubuhi nilimfuata injinia mlangoni kwake, kabla hajavua koti la mvua. Nilimwomba jambo moja: tuifungue pampu mbele yake, aone mwenyewe. Akasema haina maana tena. Nikamwambia, "Bwana injinia, uliandika nusu. Nusu nyingine iko ndani ya chuma." Sijui nilitoa wapi ujasiri. Labda ni kwa sababu hakuwa amekaa bado.

Tuliifungua mezani, mimi, yeye na mzee, ambaye nilienda kumwita nyumbani. Alikuja amevaa shati la kanisani. Yeye ndiye aliyezungusha spana. Kifuniko kilipotoka, injinia alichukua tochi. Ukutani mwa silinda kulikuwa na vidoti vya kutu, vingi, kama ugonjwa wa ngozi. Na mpira wa shafti ulikuwa umevimba, laini, unabonyea ukiushika. Kibao kimoja kilikuwa kimekwaruzwa na kukwama kwenye mfereji wake.

"Kutu hii si ya wiki moja," injinia akasema.

"Si ya wiki moja," mzee akakubali. "Hiyo ni yangu."

"Na mpira?"

"Mpira ni wangu," nikasema. "Na kukwama ni kwangu, kwa sababu oili ilikuwa nyepesi. Na geji ilipokataa, mimi ndiye niliyesema tunamaliza."

Mzee akanigeukia. "Uliitia mafuta ya taa hii?" Alikuwa ameyasikia kule ofisini, lakini nadhani hakuwa ameamini mpaka alipoushika ule mpira. "Weri, hata punda huoshi hivyo." Injinia alitaka kucheka akajizuia. Mzee hakuwa anachekesha.

Injinia alizima tochi. Alisema hawezi kuirudisha barua kama vile haikuandikwa, lakini ataibadilisha. Mzee angebaki na nyumba mpaka astaafu, ila si kwenye friji tena. Angekwenda boila, kule kiwandani maji yanakochemshwa kupata mvuke, kuhesabu kuni zinazoingia. Mimi onyo langu likaandikwa, nikapunguzwa daraja, lakini nikaachiwa pampu niitengeneze, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Niliomba mimi niende boila badala ya mzee. Akasema, "Hii si sokoni."

Boila ina moshi kuliko pampu yoyote. Mzee alikaa pale miaka miwili na kile kifua chake. Nilikuwa nikimpelekea maswali saa ya chakula: kibao kinapimwa vipi, mpira mpya unapakwa nini. Hakuninyima hata jibu moja. Lakini hakuniuliza habari za nyumbani tena, na zamani alikuwa akiuliza kila siku.

Alipostaafu nilikwenda kusaidia kuhamisha vitu. Mke wake alikuwa akifunga sufuria kwenye shuka. Nilikuwa sijawahi kuongea naye zaidi ya salamu. Alinyoosha mgongo akaniangalia.

"Wewe ndiye yule wa pampu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nimetaka kukuuliza siku nyingi. Wewe ulimwangusha huyu, ama ulimwinua? Yeye nikimuuliza anasema, sijui."

Mzee alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakunisaidia, na hakuwa na deni la kunisaidia. Nilimwambia mama kwamba nilifanya yote mawili, na kwamba lile la kwanza nililifanya kwanza.

Alikaza fundo la shuka. "Basi shika huku," akasema, "mlango huu wa kabati unafunguka ovyo." Mzee akashika upande wa pili, tukalitoa nje, yeye akitembea kinyumenyume, akikohoa, mimi nikimwelekeza ngazi zilipo.