Yaya Béa na Safari ya Mwezini

Kila ninaponusa petroli ndani ya nyumba yenye sakafu iliyopigwa nta nyekundu, narudi Nchelenge, kando ya ziwa, kwenye sebule ya Ba Chisenga, mwalimu wetu wa hesabu, na wivu wangu wa zamani unaamka kama mbwa aliyesikia akiitwa.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Ba Chisenga alikuwa na kompyuta aliyoletewa na kaka yake kutoka Kitwe. Jumamosi mchana aliwasha jenereta nyuma ya jiko, moshi wake ukaingia hadi sebuleni, naye akatuma mtu aniite. Mimi, Mwansa, niliyeongoza darasani, ndiye mtoto pekee aliyeruhusiwa kugusa kile kitu.

Ndani yake mlikuwa na mchezo wa safari za anga. Hapakuwa na kupigana risasi. Kazi ilikuwa kupanga: chombo gani, wasafiri wangapi, mafuta kiasi gani, kiondoke lini, kipite wapi. Ukishapanga unabonyeza, unaweka mikono mapajani na kungoja kuona kama hesabu zako zina akili. Zangu hazikuwa nazo. Nililenga mwezi, chombo kikafika pale pale nilipolenga, na mwezi wenyewe ulikuwa umeshaondoka. Kikapotelea gizani, kisha maandishi ya Kiingereza yakanipa pole kwa adabu kubwa. Sikujali sana. Giza lile lilikuwa langu peke yangu.

Kisha akaja Béa.

Baba yangu alikuwa Mbemba wa hapo hapo ziwani, lakini mama alizaliwa Pweto, upande wa Kongo, ndiyo maana nyumbani tuliongea Kiswahili. Béa alikuwa binti wa dada yake mkubwa. Vita viliposogea karibu na Pweto, baba yake aliwaleta yeye na mama yake kwetu kwa boti, kisha akageuza kwenda kumchukua bibi. Atafika kesho kutwa, wakubwa walituambia, na waliendelea kutuambia hivyo. Béa alinizidi mwaka mmoja, kwa hiyo niliamriwa kumwita yaya, yaani dada mkubwa. Nikampa nusu ya mkeka wangu, nusu ya blanketi, na Jumamosi moja, kwa amri ya mama, nusu ya Ba Chisenga.

Mwanzoni alikaa nyuma yangu akitazama. Hakujua Kiingereza, shule yake ilikuwa ya Kifaransa. Nilifurahi kumwona hajui. Lakini chombo changu kilipopotea tena, alinigusa bega.

"Mwansa, mwezi haikae fasi moja. Iko natembea. Ukienda pale unaiona sasa, utakuta ilishakwenda. Lenga mbele yake, mutakutana."

"Amesema nini?" Ba Chisenga aliuliza.

Nilimtafsiria kwa ulimi mzito. Alivuta kiti changu. "Ikala apa, mwana," alimwambia kwa Kibemba, akipiga kiti mkono, na Béa akakaa. Mimi nikahamishiwa kigodani, kazi yangu ikawa kumsomea yaya yangu maneno ya Kiingereza ili yeye apange. Chombo chake kiliukuta mwezi mchana ule ule.

Nilirudi nyumbani nimenuna hadi mashavu yakaniuma. Mama alikuwa anageuza samaki juu ya chanja. Aliniangalia mashavu, akajua. "Wivu iko sawa moshi ya samaki," alisema. "Inaingia mu nguo, na mwenye kuvaa njo wa mwisho kuisikia." Nilijinusa mkono wa gauni kwa siri. Sikusikia kitu.

Jumamosi nyingine Ba Chisenga aliwaalika walimu wenzake waje kuona. Walijaa sebuleni. Béa alitua mwezini taratibu kama anayeweka yai mezani, na watu wakapiga makofi. Mchezo ulitoa alama kwa kila jiwe ulilookota, lakini kutembeatembea kule kulikula mafuta.

"Mwambie aendelee," mwalimu mmoja alisema. "Alama bado zipo."

Nilimtafsiria. Béa akatikisa kichwa. "Waulize, bantu bale batarudia na nini?"

Nilipowauliza kwa Kiingereza wale watu watarudi kwa mafuta gani, chumba kizima kilicheka, na mimi nilicheka kupita wote. Yule mwalimu akasema hizo ni picha tu, hazina hata mama wa kuzingoja. Nilimfikishia Béa neno kwa neno.

"Miye pia najua ni picha," alijibu bila kugeuka. "Lakini barudie."

Akawarudisha. Ilichukua muda mrefu, walimu wakatoka mmoja mmoja kwenda kunywa soda uani. Chombo kilipoangukia baharini salama, sebuleni tulibaki watatu. Ba Chisenga aliinama akampa mkono kwa mikono yake yote miwili, kama mtu mzima anavyompa mtu mzima. Mimi hakuwahi kunipa mkono.

Mwaka uliofuata Béa na mama yake walikwenda kwa ndugu Lubumbashi. Kiti kikarudi kuwa changu. Nilitua mwezini kwa kulenga mbele, nikaokota mawe hadi mafuta yakaisha, nikazipita alama zake. Nilikimbia hadi kwa mama kumpa habari.

"Na bale bantu?" aliniuliza.

"Bamebaki kule."

Mama aliendelea kuanika chisense zake, wale dagaa wa ziwani.

Nilikuwa nimeshazaa watoto wangu mama aliponieleza. Siku baba yake Béa alipogeuza boti, petroli ilikuwa haba mwambao mzima wa ziwa. Aliyoipata ilitosha kumfikisha Pweto tu. "Ya kurudi nitapata kule," aliwaambia. Béa ndiye aliyeshika dumu wakati baba yake akimimina, akaona mahali mafuta yalipokomea kwenye tangi. Hakuna aliyemwona tena baba yake.

Na mimi, miezi ile yote, nilikuwa siwezi kulala kwa wivu, kwa sababu yaya yangu anajua hesabu za mafuta kuliko mimi.