Hereni za Shilingi Mia

Hili nalisimulia huku nimeinamisha uso. Tuliporudi Burundi kutoka Tanzania, nilikuwa na mfuko wa sarafu za shilingi mia, za manjano, zinazong'aa. Madukani Buhinyuza hakuna aliyezitaka. Nikajiona mjuzi: kama hazinunui chumvi, basi thamani yake imo kwenye madini yenyewe. Nilizisugua kwa majivu na ndimu hadi nikaamini kabisa kwamba zina dhahabu, japo kidogo. Nikamwahidi mama mkwe wangu, ambaye hakuwahi kuondoka hapa na aliniona mtu aliyetembea dunia, kwamba atavaa hereni. Naye akawatangazia wenzake wote wa kwaya.

Tukaenda pamoja kwa sonara mmoja mjini Muyinga. Nilimwaga sarafu mezani nikamweleza ubora wake kwa sauti ya mtaalamu, asije akatupunja. Mzee yule hakubishana. Alitoa sumaku kwenye droo akaisogeza, na sarafu zangu zikairukia kama kuku walioona mahindi.

"Dada, hii iko chuma," alisema kwa upole. "Imepakwa tu shaba kidogo juu. Dhahabu haishikwi na sumaku."

Wateja waliokuwa nyuma yetu walicheka. Nikamgeukia mama mkwe nimwambie twende zetu. Alikuwa amefungua kitambaa chake cha kichwa. Masikio yote mawili yalikuwa yamevimba, kila moja limepitishwa uzi mweusi.

"Mi nilitoboa jana," alisema. "Sasa nitaweka nini?"